Jinsi ya Kufaulu Kipimo cha Tabia

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Ukungu umekaa juu ya ziwa mpaka kisiwa cha Musira kimefutika. Mtaa wetu wa Bilele wote kama umefungwa ndani ya pamba. Nimelala chali nikisikiliza mabati. Hali nzuri sana ya kufikiri.

Dada Salma alipita na ndoo akauliza nafanya nini kitandani saa nne. Nikamwambia nafikiri. Akasema basi nifikirie na hili: mama mkwe wake anakuja kutoka Kamachumu mwisho wa mwezi, anakuja kukaa moja kwa moja, na chumba atakachokaa ni hiki.

Chumba changu! Dirisha langu la ziwa!

Alilisema kwa upole, akanimiminia chai ya maziwa, akaongeza kitumbua. Dada yangu akiwa mpole, ujue jambo limeshaamuliwa.

Jioni, wokovu. Kule Nshamba, Muleba, wakulima wamejenga ghala jipya la kahawa na wanatafuta msimamizi. Kazi ina nyumba, nyuma ya ghala. Nikaiona palepale. Kuta nyeupe, mibuni mpaka mlangoni, ukungu unaingia dirishani bila hodi. Mimi kizingitini, funguo mkononi. Tena si hayo tu. Waombaji wote watapimwa na mtaalamu wa saikolojia, naye ni Nasma! Nasma binti wa Mzee Shaban, mtaa wa pili! Tulisoma naye madrasa, akaenda chuo kikuu Dodoma, akarudi na miwani. Tangu arudi sijamwambia neno la maana. Nimekuwa nikimtazama tu, kwa mpangilio.

Doa moja katika picha hii: Haruni, fundi redio, jirani yetu, naye ameomba. Huyu mtu hupiga mluzi akifanya kazi. Kutwa nzima. Mluzi uleule.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepeleka senene, wale panzi wetu wa kuliwa, kwa Mzee Shaban. Wa kukaanga, wa kwanza msimu huu, wakavu. Salma aliwaweka kwenye kopo kwa ajili ya shemeji. Nadhani hajawahesabu.

Nasma alikuwa ibandani, pale barazani kwao, anasoma. Nikamsalimia, nikamtupia swali la kitaalamu: je, zile picha za madoa ya wino, mtu anaulizwa anaona nini, zitakuwepo? Niliziona kwenye filamu.

Akacheka kidogo. Akasema zile si za kuchagulia msimamizi wa ghala. Yeye atatumia maswali ya tabia na jaribio dogo la kazi yenyewe. Nikamwomba mfano wa swali, moja tu, kwa ujirani. Akakataa kwa adabu. Akasema swali likijulikana na mmoja kabla ya wengine, majibu ya wote yanapoteza maana. Akaniambia nilale vizuri, nile, nijibu ukweli.

Nilale vizuri! Mwanamke hamwambii mtu hivihivi alale vizuri.

Nikatembea mpaka ufukweni nikakaa juu ya jiwe. Nzi wa ziwani walikuwa wameinuka mbali huko kama moshi, wakijizungusha taratibu, wakichukua umbo na kuliacha. Nikaona miwani humo. Nikaona na tabasamu. Nikakaa kulitazama mpaka wakanifikia. Wengine nimewameza.

Jumatano, 6 Novemba

Sikumwamini kuhusu madoa. Wataalamu hawasemi yote. Nimejitengenezea yangu: tone la kahawa nzito katikati ya karatasi, kunja, bana, fungua.

La kwanza, Nasma anasoma. La pili, Nasma na mwavuli. La tatu, ama Musira ama Nasma amelala ubavu. Mchana ukapita bila mimi kujua. Mvua ilikuja ikaondoka. Sijapata kuwa na furaha namna hii na kazi ya mezani.

Lakini nakumbuka kuwa kipimo hujaribiwa kwa watu wengi kwanza. Nikamwonyesha Salma, nikamuuliza anaona nini. Akasema anaona kitambaa chake cha meza. Alikuwa sahihi, kahawa ilipenya. Nikaenda kwa Haruni. Bila kukatiza mluzi akasema ini la mbuzi. Nikampa la pili. Ini la mbuzi. La tatu? Ini lilelile, sasa limeiva.

Mtu hana ndoto hata moja. Apewe nyumba yenye ukungu aifanyie nini?

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepata! Nimelipata nikiwa nimesinzia, kama wavumbuzi wote.

Kipimo cha tabia kinapima tabia. Atakayeonekana na tabia njema kuliko wote ndiye atakayepewa funguo. Kwa hiyo mimi nitajibu kama mtu asiye na kasoro. Na wenzangu wajibu kama walivyo, au hata chini ya hapo. Kwa nini nihangaike kupanda wakati naweza kuwateremsha?

Nikafungua semina ya bure kibandani kwa Haruni. Alikuwepo pia Agnetha, binti kutoka Kanazi anayeotesha miche ya kahawa na mama yake, amefuata simu iliyotengenezwa. Kumbe naye ameomba. Wawili kwa mpigo! Nikawaambia, kwa sauti ya mtu aliyezungumza na mtaalamu ana kwa ana, kwamba vipimo vya siku hizi vinatafuta udhaifu. Mkiulizwa hasira, kubalini. Uvivu, wivu, woga, kubalini. Msifiche kitu.

Haruni akaacha mluzi. Mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Hata kwamba naogopa bata mzinga?" akauliza.

"Hilo hasa," nikamwambia.

Agnetha alikuwa anaizungusha simu mkononi. Akasema, polepole, kwamba mwaka juzi alimkasirikia kaka yake akavurumisha jembe migombani, na mpaka leo halijaonekana. Nyumbani wanadhani liliibwa. Je, na hilo? Nikamwambia aanze nalo. Akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mkungu wa ndizi kichwani. Akasema hajawahi kumwambia mtu.

"Waitu, ndugu yetu, asante sana kaka Hafidhi."

Kitu kikanichoma kifuani. Nadhani ni vile vitumbua.

Ijumaa, 8 Novemba

Khutba ya leo ilikuwa juu ya ukweli. Nzuri sana, nilisikia mwanzo wake. Halafu sauti ya imamu ikawa kama maji yanayopiga mawe na mimi nikawa Nshamba, nachagua pazia. Nimeamua: kijani.

Nje ya msikiti Mzee Shaban akanishika mkono akasifu wale senene. Akauliza nani aliwakaanga. Nikasema mimi mwenyewe. Akasema kijana anayejua jiko ni adimu. Nikarudi nyumbani nikielea.

Kumbe alikuwa amepita dukani kwa Salma akanisifia na kwake.

Chai ya jioni haikuwa na kitumbua. Haikuwa na maziwa pia.

Jumapili, 10 Novemba

Mazoezi ya uso. Nimesimama mbele ya kioo nikijifunza sura ya mtu ambaye hajawahi kukasirika. Nyusi juu kidogo, mdomo uwe wazi kidogo. Salma akauliza ni jino gani linauma.

Mchana nikalala, nikaota. Nyumba ya Nshamba ilikuwa imejitenga na ardhi, inaelea juu ya migomba, na maua ya kahawa yalikuwa yakidondoka humo ndani, meupe, bila sauti, mpaka yakafunika meza. Nasma alikuwa amekaa ananisahihishia karatasi. Kila ukurasa ulikuwa mtupu, na kila akifunua alisema vizuri, vizuri sana. Nje ya dirisha Haruni akapita amepanda bata mzinga, anapiga mluzi. Hata hilo halikuniudhi.

Nimeamka nikiwa mtu mwema kabisa. Nisipofaulu kesho, kipimo kina hitilafu.

Jumatatu, 11 Novemba

Siku yenyewe!

Agnetha alipata nafasi kwenye pikapu inayopeleka miche Nshamba, akatuombea na sisi. Nikakaa nyuma katikati ya miche, majani yakinipapasa shingo. Baada ya Muleba mjini barabara ikapanda na mawingu yakateremka, tukakutana katikati. Kilima kinatokea, kinapotea. Nyumba ya mabati, kisha hakuna nyumba. Nilizama kwenye ndoto tamu kiasi kwamba wenzangu waliposhuka mimi nilibaki. Dereva alinigundua alipokuwa anashusha miche, mwisho wa kijiji. Nikarudi kwa miguu na matope. Waombaji wote walikuwa wameshakaa.

Ta Karugendo, mwenyekiti wa wakulima, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, alinipa akamwani nitafune, kahawa yao ileile wanayompa kila mgeni, bila kunikaripia. Halafu akamgeukia Nasma akamuuliza mbele yetu: binti yangu, sisi kila siku tunachagua watu kwa kuwatazama tu, karatasi itatuambia nini zaidi?

Nasma hakubishana. Akatupeleka kwenye mizani. Akaomba gunia lipimwe, lishushwe, lipimwe tena. Uzito uleule. Akasema kipimo chochote lazima kiwe hivyo kwanza, kisibadilike hovyo. Kisha akauliza: je, mizani hii inaweza kusema kahawa hii ni tamu? Ta Karugendo akacheka, akasema hapana waitu, hilo ni la ulimi. Basi, akasema Nasma, ndiyo maana leo kuna maswali, na kuna kazi ya mikono, na kutakuwa na mazungumzo. Kila kimoja kina lake, na hakuna hata kimoja kinachommaliza mtu.

Nilikuwa natazama mkono wake juu ya gunia. Kama alisema zaidi ya hayo, sikusikia.

Maswali yakaja. Mepesi! Nimewahi kusema uongo. Hapana. Nimewahi kuchelewa mahali. Hapana, nikajifuta tope. Kuna watu nisiowapenda. Hapana, macho yangu yakiwa kwenye kisogo cha Haruni. Nimewahi kuona wivu. Nimewahi kula kisicho changu. Nimewahi kuahirisha kazi. Hapana, hapana, hapana! Napenda kukaa peke yangu. Ndiyo, watulivu ndio waaminifu. Sivumilii kukaa peke yangu. Ndiyo, wachangamfu wanapendwa. Katikati hapo mvua ikaanza na dirisha lilikuwa karibu, sijui mawazo yangu yalikaa nje kwa muda gani. Haruni alikuwa anaandika amejikunja, jasho linamtoka. Agnetha alikuwa amefunga macho kama anasali, kisha anaandika. Maskini! Nikawaonea huruma ya kweli.

Jaribio la kazi. Kupanga magunia kwa madaraja: nikayapanga kwa namna yalivyopendeza kuyatazama. Kisha Ta Karugendo akaigiza mkulima mwenye hasira ambaye kahawa yake imekataliwa kwa unyevu. Akapiga makelele vizuri sana. Nikasahau kuwa ni maigizo. Nikakaa juu ya gunia nikamuuliza ilikuwaje. Akaendelea kufoka, mara akapunguza, mara akaanza kunieleza habari ya mibuni ya marehemu baba yake iliyong'olewa kupisha barabara. Hilo halikuwa la kuigiza. Macho yake yalibadilika. Mvua ikapiga juu yetu mpaka Nasma alipokohoa kidogo kwamba muda umekwisha.

Nimerudi na uhakika. Pazia kijani.

Jumatano, 13 Novemba

Nasma anatuita mmoja mmoja ofisini kwake, hapa mjini, kueleza matokeo. Nimevaa shati jeupe. Nimepaka mafuta. Uso wa mtu asiye na hasira.

Akanikaribisha kiti. Alikuwa na karatasi yangu.

"Kaka Hafidhi, hapa umesema hujawahi kuchelewa maishani."

"Kabisa."

"Juzi ulikuja wa mwisho."

Nikasema ile ilikuwa pikapu. Akaendelea kwa sauti ya chini, bila ubaya. Kwamba sijawahi kuona wivu, hata utotoni. Sijawahi kukasirika. Sijawahi kula kisicho changu. Hapo akainua macho juu ya miwani. Nadhani Bilele hakuna siri ya senene.

Akanieleza. Ndani ya maswali, mengine yamewekwa makusudi, ya mambo madogo ambayo kila mtu amewahi kuyafanya. Anayeyakana yote anakuwa amejipamba, na mtu akijipamba, majibu yake mengine hayasomeki tena.

"Kwa hiyo nimefeli," nikasema.

"Hujafeli. Ila sijui wewe ni nani. Ukisoma hii, ni malaika ameomba kazi Nshamba."

Nikageukia dirisha. Nje, watu walikuwa wanapita na miavuli. Akaweka kidole mahali pamoja. Hapa umesema unapenda kukaa peke yako, na hapa umesema huvumilii. Ipi ni kweli? Sikujiandaa kwa swali hilo. Nikamwambia zote mbili. Kwamba asubuhi, ukungu ukiwa ziwani, sitaki mtu. Halafu Salma akifunga mlango kwenda dukani, nasikiliza hatua zake mpaka zinaisha, na nyumba inakuwa kubwa mno.

Akaandika kitu. Akasema kati ya kurasa zote, hapo tu ndipo alipokutana na mimi.

Nimepewa alama gani? Sijui. Nilipotoka nilikosea mlango, nikaingia stoo yao kwanza.

Msimamizi wa ghala ni Agnetha. Agnetha! Na Haruni amechukuliwa kutunza mashine ya kukoboa, kwa sababu kwenye jaribio aliisikiliza ikinguruma akasema beringi moja imekwisha, na ikawa kweli. Majibu yao wote wawili, kasema Nasma, yalikuwa ya wazi kuliko yoyote aliyowahi kuyasoma. Hajui walijifunzia wapi.

Nimelala nimegeukia ukutani. Salma ameleta kitumbua.

Ijumaa, 15 Novemba

Aibu haina adabu. Imekuja imebeba mkungu wa ndizi.

Agnetha alifika kutoka Kanazi na mama yake, Ma Klaudia, wote wamevaa vizuri. Ebitoke, ndizi za kupika, kwa ajili yangu! Ma Klaudia akanishika mikono yote miwili akasema mwanawe alirudi kutoka kwenye kipimo, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake, akamwambia habari ya jembe. Walikuwa hawasemezani vizuri tangu wakati huo. Wakaenda wote migombani kulitafuta, hawakulipata, lakini walirudi wanacheka. Haruni naye akaja, akasema mbele ya mtaa mzima kwamba ni mimi niliyewafundisha. Akataka kunikumbatia. Nikakumbatiwa.

Ningeweza kueleza semina ilikuwa ya nini. Watu walikuwa wengi na wananisifu. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Nikaona inanikaa vizuri.

Halafu simu ya Ta Karugendo. Salma akaipokea, akanipa, akabaki amesimama. Mzee anasema wanahitaji mtu wa kukaa na wakulima, kusikiliza malalamiko yao kabla hayajafika kwenye mkutano yakawa ugomvi. Anasema tangu siku ile analala vizuri. Anasema ameongea na Nasma, naye ameafiki. Kuna chumba, kule mwisho wa ghala, kidogo, lakini kina dirisha. Kilichobaki ni mazungumzo Jumatatu, na maswali machache. Nasma amenitumia salamu kupitia kwake: safari hii nisijiandae. Nije tu, na makosa yangu kama yalivyo.

Salma alikuwa ameshika khanga yake mdomoni. Akasema nenda ukaseme kweli tu, mdogo wangu, hiyo peke yake. Sikujua kwamba anaweza kulia kwa ajili ya chumba ambacho si chake.

Nikaenda ufukweni. Ukungu ulikuwa umeinuka, Musira imerudi mahali pake, nyeusi, karibu mno, kama mtu angeweza kuigusa. Nikakaa mpaka baridi. Nikaahidi, kwa sauti, mbele ya maji.

Jumapili, 17 Novemba

Nimejifungia tangu asubuhi. Kazi kubwa, lakini imekamilika.

Nasma anataka makosa. Vizuri, atayapata! Tatizo ni kwamba makosa yangu halisi hayafai. Nimeyapitia yote. Mengine yanachekesha, mengine yananiaibisha, na hakuna hata moja lenye uzuri ndani yake. Mtu hawezi kumpelekea msomi wa Dodoma habari ya kopo la senene.

Kwa hiyo nimetunga mengine. Mazuri kweli. Kwamba nilichelewa mara moja maishani, nilipokuwa namvusha mjane mtoni. Kwamba nilimwonea wivu kipofu mmoja kwa utulivu wake. Kwamba niliwahi kukasirika, usiku wa radi, kwa ajili ya dhuluma waliyotendewa watu nisiowajua. Kwamba naogopa jambo moja tu, kuwa mwema kupita kiasi. Hapo nitatulia kidogo, nitazame dirishani.

Nikamjaribia Salma. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza ni mto gani huo. Akarudi jikoni. Nikabadilisha mto kuwa barabara.

Nje mvua imeanza tena, laini, na ziwa limefutika lote. Nimerudia mbele ya kioo mpaka sauti inatetemeka penye mjane. Sikosei neno. Kesho, kwa mara ya kwanza, Nasma ataniona nilivyo.